Kwa vijana wa maskani za Likoni, Mombasa, kabla ya Agosti 2027

Wanangu, assalam aleikum, na ndugu zetu wakristo pia habari zenu. Nawaandikia mapema manake uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na sahi nishaanza kuskia vijana wakisema ati wabara, yaani watu waliotoka bara kuja hapa pwani, warudi kwao, wallahi ni maneno yale yale ya 1997, na wengi wenu mlikua hata hamjazaliwa.

Usiku wa 13 Agosti 1997 vijana walivamia kituo cha polisi hapa Likoni na kile kidogo cha feri, wakaua maaskari sita, wakabeba bunduki zaidi ya 40, kisha wakaingia mitaani na mapanga wakachoma nyumba na vibanda vya watu wa bara. Waliouawa walipita mia moja na waliokimbia ni kama laki moja, wengine walijazana kanisa katoliki la Likoni na hata huko wakafuatwa. Majirani zetu hao jamani, tuliokua tukizikana.

Wale vijana walikua wakikusanywa kwenye msitu wa Kaya Bombo, wakalishwa kiapo, wakaambiwa risasi haitawaingia, wakaahidiwa mashamba na kazi. Na dhulma ya ardhi hapa pwani ni ya kweli, mimi siikatai, ndo maana walishikika kwa urahisi. Lakini angalieni kalenda: kura ilikua 29 Desemba mwaka huo huo, na 1992 kiti cha ubunge cha Likoni kilikua kimeenda upinzani, na wabara wengi walikua wapiga kura wa upinzani. Mnaona sasa nani alikua akifaidika? Tume ya jaji Akiwumi ilichunguza, ripoti ikakaliwa mpaka 2002, na hakuna mwanasiasa hata mmoja aliefungwa. Waliopigwa na kuteswa na polisi ni vijana wa Kidigo, kabila la hapa pwani, wengine hata hawakua na habari. Watalii wakakimbia, mahoteli ya Diani yakafunga, na shamba lililoahidiwa halikuja.

Kwa hivyo mkiitwa mkutano wa usiku na mkaambiwa msimwambie mtu, msiende, mwambieni imamu au padri au njooni kwangu hata saa nane za usiku. Anaewatuma muulizeni mwanawe yuko wapi, kwa nini yeye hayumo. Na wewe ambae huna kitambulisho nenda kwa chifu wiki hii, kisha ujiandikishe kura kwa IEBC, tume ya uchaguzi.