Jicho la mwanangu halikauki, na baba yake hajafuta neno lake

Shikamoo shangazi,

Nakuandikia alfajiri. Mtoto ndiyo kwanza amelala, mimi usingizi umenikataa. Barua kama hizi unazipokea kila siku na nyumba za watu unazijua, kwa hiyo sitakuzungusha. Mume wangu alisema jicho la mtoto nimelileta mimi. Alilisema hilo mtoto akiwa hajatimiza hata mwezi. Leo mtoto anasimama kwa kushika viti, karibu atimize mwaka, na lile neno liko palepale.

Jicho lenyewe ni la kushoto. Kila akiamka kope zimegandana kwa tongotongo za njano, hawezi kulifungua mpaka nimlainishie. Mchana linalengalenga machozi hata akiwa anacheka. Nikimtia dawa ya matone usaha unakauka, dawa ikiisha unarudi. Watu wakimwona wananitazama mimi, kana kwamba simsafishi. Namsafisha, shangazi. Maji nachemsha na kuyapoza, kila nikifuta natupa pamba na kuchukua nyingine, nafuta kutoka upande wa pua kwenda nje, mikono nanawa kabla na baada. Katika nyumba hii hakuna anayelijua jicho lile kama mimi.

Kliniki walituhoji mapema. Mkunga alitueleza, tena kwa upole, kwamba mtoto akitoa usaha machoni ndani ya siku 28 za kwanza lazima waangalie kama ameambukizwa wakati wa kuzaliwa, kwa sababu kisonono kinaweza kumpofusha mtoto upesi, na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, haiishi kwa matone peke yake, mtoto hunyweshwa dawa. Wangu alipakwa ile dawa ya macho wanayopakwa watoto wakishazaliwa, lakini mkunga alisema hiyo haizuii kila kitu. Akataka tupime wazazi wote wawili. Mimi nilipima. Usaha wa mtoto ukapimwa. Hapakuonekana kitu, si kwa mtoto, si kwangu. Yeye hakupima. Yeye alisikia kisonono akanyanyuka, na tulipofika nyumbani akasema, "Hilo jicho umelileta wewe, mimi sina cha kupima."

Mbele ya mama yake.

Majibu yalipotoka nilimwonyesha. Aliisoma ile karatasi, akaikunja, akanirudishia, akaenda kuoga.

Sikuandikii ili umseme vibaya. Ni baba anayempenda mwanawe, akirudi humbeba kabla hata ya kuvua viatu. Wala sitaki aniombe radhi, hayo tumeshayapita. Ninachotaka ni jicho la mtoto lipone.

Daktari wa macho tulimpata baadaye, na yeye ndiye wa kwanza kunieleza nikaelewa. Alimbonyeza mtoto pembeni mwa pua, usaha ukapanda na kutokea kwenye kona ya jicho. Akamdondoshea rangi ya manjano macho yote mawili, tukasubiri kidogo. Jicho la kulia rangi ikatoweka, la kushoto ikabaki imetuama. Akasema ni mfereji wa machozi, ule unaoshuka kutoka jichoni kwenda puani. Mwisho wake una utando ambao ulipaswa kufunguka wenyewe na haukufunguka. Machozi yanakosa pa kwenda, vijidudu vinazaliana humo, ndiyo maana dawa inakausha usaha lakini haimalizi tatizo. Alikagua pia kama jicho ni kubwa kuliko kawaida au kioo chake cha mbele kina ukungu, na kama mtoto anakimbia mwanga, kwa sababu presha ya macho kwa watoto nayo huanza kwa machozi. Haipo, nashukuru. Kwa hiyo ni mfereji, shangazi. Watoto wengi huzaliwa nao umeziba, na 9 kati ya 10 huzibuka wenyewe kabla ya mwaka. Hakuna aliyeuleta.

Haya yote nilimweleza mume wangu kama nilivyoelezwa. Akasema, "Sawa." Sawa tu. Mama yake naye akaendelea kusema damu ya kwao haina macho hayo. Huyo ndiye anayetaka nimkamulie mtoto maziwa ya kifua jichoni kila usiku, na nikikataa naambiwa nina kiburi cha kliniki. Wifi yangu alileta chupa ya matone yaliyobaki alipougua macho yeye. Daktari alishanikataza dawa ya mtu mwingine, kwamba nyingine zina steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, na zinaweza kuliharibu jicho. Nikaiweka juu ya kabati. Ikawa kesi.

Nilichoambiwa nifanye ni kumkanda. Kidole kidogo kwenye kona ya jicho karibu na pua, nikandamize nikishuka chini, mara kadhaa kwa siku. Nimekanda tangu siku niliyofundishwa na sijaruka. Halijazibuka. Sasa daktari anasema mtoto akishatimiza mwaka bila kupona, atamzibua kwa kijiti chembamba cha chuma kinachopitishwa ndani ya mfereji. Kazi yenyewe ni ya dakika chache na mara nyingi hutosha mara moja, ila mtoto atalazwa usingizi. Mimi siogopi. Nimeuliza kila kitu na nimejibiwa. Ila usiku namsikiliza anavyopumua, nawaza itakuwaje wakimtia ile dawa ya usingizi nikiwa nimesimama nje ya mlango peke yangu.

Kwa maana hospitali wanataka mzazi atie sahihi, na nilipompelekea mume wangu fomu alisema nitie mimi, si jicho nimelileta mimi. Hakusema kwa hasira hata. Alisema kama mtu anayetaja jambo linalojulikana.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Najua nimesema sitaki radhi. Nataka aseme tu kwamba haikuwa kweli, aseme mara moja, na mama yake asikie. Sahihi yangu naweza kuiweka. Lakini nikiiweka peke yangu naona kama nakubali kwamba jicho ni langu, na likitokea lolote mle ndani litakuwa langu pia. Nikingoja aweke yake, mtoto ndiye anayeamka amegandana kope. Kuna wakati nataka kumwambia akapime kwanza, ndipo tuzungumze mambo ya fomu, halafu naona nitakuwa nimelifanya jicho la mtoto fimbo ya kumpigia baba yake.

Kumngoja kidogo kunaweza kumdhuru mtoto? Daktari alisema mradi kona ya jicho haijavimba ikawa nyekundu na mtoto hana homa, wiki kadhaa si neno. Kwa hiyo muda upo kidogo, lakini mimi ndiyo sina tena. Nijibu kabla hawajanipa tarehe. Na kama utaniambia nisaini peke yangu, nimweleze tukiwa wawili chumbani, au niseme sebuleni mama yake akiwepo, kama alivyosema yeye?