Kaunti ihesabu kaboni ya tarakilishi zake kabla ya kununua nyingine

Mhariri,

Leseni ya biashara, ada ya kuegesha gari: mambo haya hapa Mombasa siku hizi hulipwa kwa simu, na ni vyema. Lakini kila huduma inayohamia mtandaoni huja na vyombo vyake: tarakilishi mezani, seva (kompyuta za kuhifadhi na kugawa data) chumbani, kiyoyozi kisichozimwa, jenereta uani. Vyote hivyo hutoa gesijoto, zile gesi zinazoongeza joto la dunia ambazo kwa ufupi naziita kaboni, hapa au kule vilikotengenezwa, na gharama hiyo haipati safu yake katika vitabu vya fedha. Naiomba serikali ya kaunti iihesabu na kuitangaza kabla haijaagiza shehena nyingine.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nianze na hesabu. Kutengeneza kipakatalishi kimoja na kukisafirisha hadi kifike bandari ya Kilindini hutoa takriban kilo 200 hadi 300 za hewa ya ukaa. Tushike 250. Kikila wati 30 kwa saa nane, siku 250 za kazi, kitatumia yuniti 60 za stima kwa mwaka. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Tukikadiria kila yuniti kwa gramu 100 za hewa ya ukaa, matumizi ya mwaka mzima ni kilo sita tu. Kabla mashine haijawashwa, utengenezaji wake umeshatoa zaidi ya mara arubaini ya hizo! Ikitupwa baada ya miaka minne, kila mwaka wa kazi umebeba kilo 62 za kiwandani. Ikitunzwa miaka minane, kilo 31.

Ndiyo maana nasema ushauri wa miji ya ng'ambo tuupime kwanza. Mahali ambapo umeme hutoka kwenye makaa ya mawe, kuzima mashine usiku huokoa kaboni nyingi. Kwetu pia kuzima ni vizuri, lakini faida kubwa zaidi iko katika kutengeneza kilichoharibika na kukitumia tena.

Hata hivyo, usafi wa stima yetu una kasoro mbili ambazo watu wa mwambao tunazijua. Ya kwanza iko jirani, Kipevu na Rabai, kwenye mitambo ya mafuta mazito ambayo hutegemewa zaidi jioni mahitaji yanapopanda. Usiku wa manane mahitaji hushuka na stima ya mvuke wa ardhini kutoka Olkaria hukosa mnunuzi. Basi kazi za seva zisizo na haraka, kama kunakili data ya akiba, zipangwe baada ya saa sita usiku. Hilo ni suala la ratiba tu. Ya pili ni jenereta. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa, na jenereta ndogo hupata kama yuniti tatu kwa lita, yaani gramu 900 kwa yuniti. Ni mara tisa ya kadirio langu la stima ya gridi. Mwenye kupanga kuweka betri na sola kwenye chumba cha seva aanzie kwenye takwimu hiyo.

Sasa kiyoyozi, ambacho naona ndicho kilichosahaulika kuliko vyote. Wataalamu hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Anayeweka 18 ilhali 25 ingetosha, na hili katika joto la kaskazi, analipia baridi isiyo na kazi. Lakini stima ni nusu tu ya habari. Gesi ya R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi vya ukutani, kilo yake moja ikivuja huongeza joto la dunia sawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa. Hiyo ni kaboni ya kutengeneza vipakatalishi vinane na zaidi. Na hapa kwetu chumvi ya bahari hula mabomba, gesi huvuja, fundi huitwa, hujaza, hulipwa, na baada ya muda huitwa tena. Kwenye vitabu huandikwa "matengenezo" na ukurasa hufungwa. Nataka hati ya malipo ya kazi hiyo ionyeshe ni kilo ngapi za gesi zilizojazwa na kama tundu lilizibwa. Kwa jambo hilo moja tutagundua kaboni ambayo hakuna mita ya stima itakayotuonyesha.

Haya si mambo ya kufikirika. Ufaransa ilipitisha sheria Novemba 2021 inayoitaka kila manispaa yenye watu zaidi ya 50,000 iwe na mkakati wa kupunguza madhara ya teknolojia ya dijitali kufikia Januari 1, 2025. Mombasa, kwa sensa ya 2019, ina watu 1,208,333. Tena mfano wao una somo la kihasibu: hesabu yao ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 79 ya kaboni ya dijitali ilitokana na vifaa vya watumiaji. Ile ya 2025, baada ya kujumuisha vituo vya data vilivyo nje ya nchi vinavyowahudumia, ilishusha sehemu ya vifaa hadi nusu. Kwa hiyo kaunti isihesabu seva zilizo chini ya paa lake pekee. Barua pepe na mifumo iliyokodiwa kwa kampuni za nje iingie pia, na kampuni hizo zitakiwe kutoa takwimu zao kwenye mkataba. (Nyaya za baharini zinazotua hapa tangu 2009 zinahudumia nchi nyingi. Hizo tusijibebeshe sisi, tusije tukahesabu mara mbili.)

Vifaa vilivyokufa navyo visiishie kwenye jaa la Mwakirunge. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inamtambua mzalishaji kuwa na wajibu juu ya taka za bidhaa zake. Zabuni ziseme hivyo waziwazi: vipuri vipatikane kwa miaka minane, mashine iweze kufunguliwa na fundi wa mjini, na muuzaji aichukue ikishindikana.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 huitaka kila kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge lake kufikia Septemba 1. Naomba wawakilishi wa wadi wadai kiambatisho cha ukurasa mmoja kwenye mpango ujao: idadi na umri wa vifaa, yuniti za stima, lita za dizeli, kilo za gesi ya viyoyozi, na takwimu za seva za kukodi. Kikiwekwa mezani, wahasibu tulioko mjini tutakisoma mstari kwa mstari.

Mhasibu,
Tudor, Mombasa