Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uthamini wa Magari ya GT Yaliyotumika

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawaletea taarifa ya mwaka tuliomaliza. Upande wa fedha hauna utata. Hesabu zimekaguliwa na kusainiwa, mweka hazina amezigawa pamoja na taarifa hii, na ada zimeingia kwa wakati kuliko mwaka uliotangulia. Wanachama wapya tumewapokea kwa furaha. Mambo hayo naomba niishie hapo, kwa sababu kuna jambo moja lililokula vikao vyetu vingi na ambalo mtalipigia kura: namna chama kinavyowasaidia wanachama kununua magari ya kifahari ya safari ndefu, haya tunayoyaita GT, yakiwa yameshatumika, na namna kinavyoyathamini.

Kwa miaka mingi fomu yetu ya uthamini iliuliza maswali mawili makubwa: gari ni la mwaka gani, na limetembea kilomita ngapi. Majibu yalileta bei, bei ikapigwa muhuri. Kamati imekubaliana kwa kauli moja kwamba utaratibu huo tuuache. Mthamini wetu sasa ataanza na bei ambayo magari mazima ya aina hiyo yanauzwa kwa kweli, kisha atatoa gharama ya kazi inayolisubiri gari lililo mbele yake. Mwaka na kilomita zitabaki kwenye fomu, ila hazitakuwa tena ndizo zinazoamua.

Sababu ni hii. Gari la GT likiwa jipya hununuliwa na mtu asiyeumizwa na gharama za matengenezo. Miaka inapita, bei ya gari inaporomoka, lakini bei ya vipuri na saa za fundi hazishuki pamoja nayo. Chukueni Bentley Continental GT iliyotoka mwaka 2003, yenye injini ya W12 (silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la W) ya lita 6, turbo mbili na nguvu za farasi 552. Yale ya miaka ya mwanzo leo yanauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya awali, na mtu wa kipato cha kati anaweza kuyamudu. Hata hivyo diski za breki za mbele bado zina kipenyo cha milimita 405, saspensheni bado ni ya upepo, na injini imebanwa kiasi kwamba kazi kubwa, kama kubadilisha turbo, humlazimu fundi kuishusha yote. Mnunuzi amelipa bei ya gari la kawaida na kujitwika matunzo ya gari la tajiri. Hilo si kosa la gari, kwani Continental GT iliyotunzwa ni chombo imara cha kuvuka bara kwa siku moja. Tatizo ni uthamini unaoyapa magari mawili bei moja kwa kuwa yametoka mwaka mmoja, wakati moja limeshafanyiwa kazi zake na jingine limeahirishiwa zote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa giaboksi. Continental GT ya kizazi cha kwanza, Aston Martin DB9 yenye gia otomatiki na Maserati GranTurismo otomatiki ya 2007 na kuendelea ni magari ya nchi mbili na tabia tatu, lakini yote yalipewa giaboksi ya gia sita ya familia moja kutoka kampuni ya ZF ya Ujerumani. Wenye magari wengi wameambiwa kwamba oili ya giaboksi hiyo ni ya maisha yote, haibadilishwi. ZF yenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Kwenye matoleo mengi filta imeunganishwa na sinia ya plastiki ya chini, kwa hiyo sinia nzima hubadilishwa. Kuna pia kifuniko kidogo cha plastiki pale waya zinapoingilia, ambacho mpira wake ukizeeka huvuja taratibu bila kuacha dimbwi la kumshtua mtu. Kiwango cha oili hupimwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa na joto la takriban nyuzi 40, wala hakuna kijiti cha kuchomoa na kuangalia. Kwa hiyo mwanachama akileta kitabu cha sevisi chenye mihuri yote ya muuzaji rasmi, mthamini bado anapaswa kuuliza: oili ya giaboksi ilimwagwa lini? Mihuri inaweza kuwa kamili na kazi hiyo ikawa haijawahi kufanyika, kwa sababu haikuwemo kwenye ratiba. Stakabadhi moja ya gereji inayoonyesha filta mpya na oili mpya ina uzito kuliko mihuri mingi.

Kila gari lina kazi yake inayojificha namna hiyo. DB9 ina koili 12 za plagi, na kuzifikia fundi lazima kwanza avue manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Koili moja ikianza kuchoka, busara ni kubadilisha zote pamoja na plagi zake, maana gharama kubwa ni ya kufungua. Ferrari 456, 550 Maranello, 575M na 612 Scaglietti zina injini za V12 zenye mkanda wa taimingi, yaani ule unaoendesha vali za injini, na mkanda huzeeka kwa miaka hata gari likiwa limeegeshwa. Ferrari 599 GTB iliyokuja mwaka 2006 ina mnyororo badala ya mkanda. Mercedes-Benz CL ya mwaka 1999 ina saspensheni ya haidroliki inayotuliza bodi kwenye kona. Ikiwa nzima ni raha isiyo kifani, ikianza kuvuja bili zake humkatisha mtu tamaa. Jaguar XK8 za miaka ya mwanzo, kuanzia 1996, zilikuwa na vikaza mnyororo wa taimingi vyenye sehemu za plastiki zilizopasuka kwa umri. Fomu ya XK8 isiyosema kama vimeshabadilishwa haijasema kitu.

Hapa naingia kwenye hoja iliyozua ubishi mkubwa kikaoni. Baadhi ya wazee wetu, ambao nawaheshimu sana, wanahofu kwamba fomu mpya itayashusha thamani magari yenye kilomita chache. Kweli, baadhi yatashuka, na naamini ni haki yashuke. Gari lililokaa bandani miaka mingi mipira yake imekauka, kalipa za breki zimeanza kushika, petroli imechacha kwenye tangi, na betri imekufa na kuchajiwa mara kwa mara mpaka kompyuta zimejaa hitilafu. Tairi zinaweza kuwa na kashata za kutosha na bado zikawa hazifai. Someni namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 3212 ni wiki ya 32 ya mwaka 2012. Gari zito lenye uwezo wa kilomita 300 kwa saa halipaswi kutembea juu ya mpira wa umri huo. Kwa mtu anayekusudia kuliendesha, gari lenye kilomita za wastani na stakabadhi za kila mwaka lina thamani kuliko lile lenye kilomita chache na kimya. Mkusanyaji wa magari adimu ataona tofauti, na soko lake litabaki na kanuni zake. Wengi wetu hapa si wakusanyaji.

Kamati ya Ufundi imefanya kazi kubwa mwaka huu ya kuwasindikiza wanachama kukagua magari kabla ya kulipa. Niliambatana nao kwenye ukaguzi mmoja wa Continental GT, na nataka wale ambao hamjawahi kwenda mjue kazi yenyewe ilivyo. Tulipofika, mkuu wa kamati kabla hajasema lolote aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Muuzaji alieleza kwamba alikuwa ameliwasha ili kulisogeza. Hakubishana naye, aliomba tu turudi kesho yake asubuhi na akamsihi asiliguse. Asubuhi injini ilipowashwa ikiwa baridi, sote tulisikia mchakacho kutoka upande wa minyororo kwa sekunde chache, kisha ukapotea. Baada ya hapo alinyanyua kifuniko cheusi chini ya kioo cha mbele na kukuta matundu ya kupitishia maji yamezibwa na majani yaliyokwisha kuwa udongo. Alifungua zulia la buti upande wa kulia na wa kushoto, zilipokaa betri mbili, akakuta tarehe zake zimepishana miaka. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa sababu ya kulikataa gari. Kila moja liliandikwa na gharama yake, jumla ikatolewa kwenye bei, na mwanachama wetu akalinunua kwa bei iliyoendana na hali. Muuzaji naye aliridhika, kwa kuwa kila punguzo lilikuwa na maelezo.

Chama kimenunua mita ya kupimia unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 80 na 180. Ukisoma zaidi ya 300 uliza kwa nini imerudiwa, na ukivuka 1,000 kuna uwezekano mkubwa kwamba chini yake kuna puti, ile ya kuzibia mabonde ya bodi. Tulihakikisha ni mita inayosoma alumini pamoja na chuma, maana bodi ya DB9 ni ya alumini, na mita ya chuma peke yake haioni kitu hapo. Baadhi ya vipande vyake si vya metali kabisa, kwa hiyo mwenye mita asishtuke ikikaa kimya. Rangi iliyorudiwa si dhambi. Kinachoshusha thamani ni rangi iliyorudiwa bila picha wala stakabadhi ya kilichofanyika chini yake.

Kuhusu kilomita zenyewe, wanachama wasitegemee dashibodi peke yake. Odometa (vihesabu kilomita) za kidijitali hurudishwa nyuma, ila magari mengi ya kisasa huhifadhi kilomita kwenye kompyuta zaidi ya moja, na anayezichezea mara nyingi husahau mojawapo. Kifaa cha kusoma hitilafu kikionyesha kwamba hitilafu ya zamani ilirekodiwa kwenye kilomita nyingi kuliko zinazosomeka leo, mazungumzo yaishie hapo. Namba ya chasi yenye herufi na tarakimu 17 ilinganishwe sehemu zote: kwenye bodi, kwenye hati na kwenye kitabu.

Sasa bei ya kuanzia tunaipata wapi? Bei inayotangazwa na muuzaji ni matumaini yake. Tutatumia mauzo yaliyokamilika, na hata hapo kwa uangalifu. Matokeo ya mnada mara nyingine hutangazwa pamoja na kamisheni ya mnunuzi, yaani ada anayowalipa wenye mnada juu ya bei, na mara nyingine bila hiyo, na tofauti yake si ndogo kwenye gari la bei kubwa. Pia magari mawili ya jina moja yanaweza kuwa na masoko mawili. 575M Maranello na 599 zenye gia za mkono ni adimu, na wanunuzi huzilipia zaidi sana kuliko zile za gia za umeme, ingawa injini ni ileile. Kwa Bentley, kampuni ilisitisha kutengeneza W12 mwaka 2024, na tayari wapo wauzaji wanaoitaja tarehe hiyo kana kwamba kila W12 ya zamani imegeuka dhahabu. Naomba wathamini wetu wasipokee maneno hayo. Za mwanzo zilitengenezwa nyingi, na uhaba wa za mwisho haulipi bili za za mwanzo. Zaidi ya hayo, V8 ya lita 4 iliyoanza kwenye Continental mwaka 2012 ni nyepesi puani na inakula petroli kidogo zaidi, na kwa mnunuzi wa kwanza wa GT mimi ningemshauri aanze nayo.

Liko suala la maadili ambalo siwezi kulipita. Tulipokea malalamiko kwamba uthamini mmoja ulifanywa na mtu aliyekuwa na nia ya kulinunua gari lenyewe. Kamati ililisikiliza, uthamini ule ukafutwa na kurudiwa na wengine. Karatasi yetu hutumika kukubaliana thamani na kampuni za bima, na siku gari likipotea au kuungua, familia ya mwanachama inaitegemea. Kwa hiyo tunapendekeza kanuni isiyo na mwanya: mthamini asiwe mnunuzi, muuzaji, dalali wala ndugu wa yeyote kati yao, na asilipwe kwa asilimia ya bei. Kila uthamini usainiwe na watu wawili na uwe na ukomo wa miezi 12.

Mwaka ujao tunakusudia kununua kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya silinda, na kuendesha mafunzo ya ukaguzi kwa wanachama wapya. Nawashukuru mafundi waliojitolea siku zao za mapumziko kulala chini ya magari yasiyo yao, na mweka hazina aliyetuvumilia tulipoomba vifaa.

Mkutano mkuu utaombwa kupitisha mambo matatu: fomu mpya ya uthamini, kanuni ya mgongano wa maslahi, na fungu la kununua kamera. Fomu imeambatanishwa. Naomba kila mmoja aisome kabla ya siku ya mkutano, hasa ukurasa wa kazi inayolisubiri gari, na mwenye marekebisho aje nayo yakiwa kwa maandishi ili katibu ayaingize kwenye kumbukumbu.

Mwenyekiti