Barua kwa Sahibu: Mizani 16 na Mapigo Manne

Temeke, Dar es Salaam

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu, ambako sote tu wazima. Barua yako niliisoma mara mbili, na iliyonikaa moyoni ni ile sehemu uliyoandika kwamba vijana wanaochana, yaani wanaoimba rap, hapa mjini hawana mizani, ile hesabu ya silabi katika kila mstari, na kwa hiyo wanachotunga si ushairi. Sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Nilingoja mpaka nikapata jioni nzima ya kukaa na mpwa wangu, ambaye hutunga mistari na kuirekodi chumbani kwake, tukalipima jambo lenyewe kwa masikio.

Nilianza kwa upande wako. Nilimpa mshororo, yaani mstari mmoja wa shairi, niliouunda palepale: "Nashuka Kariakoo, jua lanichoma kichwa." Hesabu mwenyewe: ukwapi, nusu ya kwanza, una mizani 8 na utao, nusu ya pili, una 8. Akafungua biti, yaani mdundo wa muziki, katika simu, yenye mapigo 90 kwa dakika, akanieleza kwamba baa moja ina mapigo manne na kila pigo hugawanywa mara nne, hivyo baa nzima huwa na nafasi 16. Nilifurahi mno, kwani niliona mshororo wetu mmoja ni baa moja kamili, silabi moja kwa kila nafasi.

Tulipoujaribu, ulienea lakini haukukaa. Utao haukuwa na shida: "ju" iliangukia pigo la tatu na "cho" pigo la nne, nazo ni silabi tunazozikazia tunapozungumza, maana mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukwapi ndio uliopotoka. Pigo la kwanza liliangukia "na" na la pili likaangukia "ri", silabi ambazo hakuna mtu wa mjini huu anayezikazia, hata jina la Kariakoo likasikika kama la mahali pengine. Tena, kwa kuwa nafasi zote 16 zilikuwa zimejaa, mpwa wangu hakupata pa kuvuta pumzi. "Mjomba," akaniambia, "umejaza sana."

Kisha akaurekebisha, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Alitanguliza "na" kabla ya baa kuanza, ili "shu" iangukie pigo la kwanza; akaziunganisha "ri" na "a" zikawa silabi moja, kama tunavyotamka sote tukiwa na haraka, na "ko" ikaja kuangukia pigo la pili barabara. Akanyamaza kidogo. Utao akaufupisha kuwa "jua kichwani", "ju" ikibaki kwenye pigo la tatu na "chwa" ikiangukia la nne, akanyamaza tena. Silabi alizotamka ni 12, na nafasi alizoziacha wazi hazikuwa pengo, kwa sababu biti iliendelea kuzihesabu.

Kwa kipimo chako utao huo umepungua mizani tatu, na ungeukataa. Ila kule kuunganisha "ri" na "a" wewe unakujua vizuri: si inkisari hiyo? Tulifundishwa kwamba mtunzi anaruhusiwa kulifupisha neno ili mizani itimie, na mpwa wangu, ambaye hajawahi kulisikia neno inkisari, alilifupisha ili mkazo utimie. Naamini tofauti yetu nao iko hapo. Mizani hupima kinachotamkwa, wala haiulizi mkazo umeangukia wapi. Baa hupima muda, na kimya nacho kina uzito ndani yake.

Jambo hilo limenisaidia pia kuvielewa vina vyao, ambavyo zamani vilikuwa vikiniudhi. Kwetu "nyama" na "kisima" vinatosha, kwa sababu vyote vinaishia na "ma". Mpwa wangu aliona vimelegea. Alitaka "kisima" na "heshima", ili sauti ianze kulingana palepale pigo linapoangukia. Lakini aliridhika kabisa na "daladala" na "mchana", ambavyo wewe na mimi tungevikataa bila mjadala. Hapo sikumfuata. Sikio langu bado linadai konsonanti, nami sioni sababu ya kulibembeleza.

Nawe usisahau kwamba shairi letu halikutungwa likae kimya katika karatasi. Mshairi Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 ndicho kilichotufundisha sheria hizi, alishikilia kwamba shairi ni wimbo na kwamba lisiloimbika halina maana. Unapoghani, huzipi silabi zote 16 urefu mmoja: unavuta hapa, unakaza pale, unatua mwisho wa ukwapi kabla ya kuingia utao. Muda umo katika sauti yako, ingawa sheria zetu hazikuuandikia hesabu.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Zile beti zako za mvua ya masika, ulizonisomea mara ya mwisho tulipoonana, zighani kwa mahadhi yako mwenyewe, uzirekodi katika simu na kunitumia bila kupunguza hata silabi moja. Mpwa wangu ameahidi kuziundia biti inayofuata mwendo wa sauti yako, nami nataka kusikia pale unapotua, ngoma itafanya nini.

Nasubiri sauti yako.

Wako daima,
Sahibu yako wa Temeke