Kwa ninyi mnaohamasisha watoto na wazazi wao

Wanangu,

Nimeketi viti vya nyuma mara kadhaa mkihutubia. Sauti mnazo, na watu wanawapenda. Ila kila mkifika kwa mwanasaikolojia Abraham Maslow mnapandisha ukutani ile piramidi ya mahitaji ya binadamu na kusema aliichora yeye. Makala yake ya mwaka 1943 haina piramidi. Mchoro ulikuja baadaye, kwa mikono ya wengine.

Hilo ni dogo. Kinachonisumbua ni kwamba mnaokota kauli ya mtu na kuyaacha maisha yake, wakati maisha ndiyo yanayoonyesha kama alimtazama mtoto au alimwamulia tu.

Mchukueni Jean Piaget, mchunguzi wa namna watoto wanavyofikiri, mzaliwa wa Uswisi mwaka 1896. Huyu alianza na wanyama. Bado mvulana mdogo alichapisha maelezo mafupi kuhusu shomoro mweupe aliyemwona, na shahada yake ya udaktari ilihusu konokono. Alipofika Paris alipewa kazi ambayo wengi wenu mngeikimbia: kuwapima watoto kwa maswali ya akili. Kazi yenyewe ilitaka majibu sahihi yahesabiwe. Yeye akavutwa na yale yaliyokosewa, kwa sababu aliona watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna moja. Akaanza kuwauliza, taratibu, wamefikaje hapo. Baadaye aliwafuatilia wanawe watatu tangu uchanga wao, daftari mkononi, kwa subira ileile ya mtu wa konokono.

Na Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa watoto, je? Mbona simsikii kwenye mihadhara yenu? Alikuwa amefanya kazi huko London na John Bowlby, daktari aliyechunguza uhusiano wa mtoto na mama, kisha mwaka 1954 akaenda Uganda kwa kuwa mumewe alipata kazi huko. Angeweza kukaa tu. Badala yake alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akirudi nyumba zilezile kwa miezi, akiangalia mtoto anavyomtambalia mama, anavyomwacha kidogo akachungulie jambo, kisha anavyomrudia. Yale mnayoyasema kuhusu mtoto kuwa na mahali salama pa kuanzia safari zake yana mizizi katika nyumba hizo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, zaidi ya miaka kumi baadaye. Ninyi mnatoa video tatu kwa wiki.

Mwanasaikolojia John Watson ni habari nyingine. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1920, yeye na msaidizi wake walimtisha mtoto mchanga kwa kelele za chuma kila alipomgusa panya mweupe, mpaka panya peke yake akawa anamliza. Mtoto aliondoka bila kuondolewa hofu ile. Mwaka huohuo Watson alipoteza kazi ya chuo, akaingia kwenye matangazo ya biashara na kufanikiwa sana. Mwaka 1928 aliwaandikia wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto, na asubuhi wawape mkono. Watu walimnunua! Alikuwa na uhakika mwingi, na uhakika huuzika. Mkumbukeni mkisikia makofi.

Sasa zawadi, maana ndizo mnazozipenda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wa shule ya awali waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kama watachora, wengine walipewa cheti bila kuahidiwa, wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, kalamu zikiwa wazi mezani, wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa kitu. Kwa hiyo sisemi mfute zawadi. Nasema ahadi ya malipo juu ya jambo ambalo mtoto analipenda tayari ina gharama yake.

Ningekuwa nimesoma hayo mapema nisingefanya nilichofanya. Nilipokuwa mwalimu kijana nilibandika nyota ya karatasi kwa kila kitabu kilichosomwa. Kwa wiki mbili nilijiona bingwa. Kisha vitabu vyembamba vikaanza kugombaniwa na vinene vikalala. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akisoma hata wakati wa mapumziko, bila kuambiwa na mtu. Siku moja alinijia na kitabu mkononi akaniuliza, "Mwalimu, hiki kina nyota?" Nikamjibu nyota zimeisha. Akakirudisha kabatini, akaenda kukaa.

Ombi langu ni moja. Kabla ya mkutano wenu ujao na wanafunzi, ingieni darasani siku nzima bila kipaza sauti wala vyeti. Kaeni nyuma. Mtoto akikosea, muulizeni amefikaje hapo, kisha mnyamaze mpaka amalize. Halafu niandikieni alichosema, kwa maneno yake, msiyarekebishe.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu