Sakura, na senene wa Wajapani

Nagoya, 13 Aprili

Mpendwa Koku,

Hamjambo huko Bukoba? Nakuandikia mbio mbio kabla watoto hawajamaliza kopo. Kopo gani, utaona.

Ulinicheka kwamba miaka yote hii Japani sijakutumia hata picha moja ya sakura, maua ya micheri. Mwaka huu tena za hapa Nagoya zilipukutika huku mimi nikihangaika na sare, maana shule hufunguliwa Aprili. Baba Alinda akasema twende milimani, kule kuna baridi, maua huchelewa. Jumamosi alfajiri tukashika njia ya Takato, mkoa wa Nagano. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Sisi tulitumia nne na ushee, kwani nusu ya nchi ilikuwa imekusudia huko huko. Mdogo alitapika mara mbili, hayo tuyaache.

Lakini Koku, pale mahali! Palikuwa na ngome, ikatekwa mwaka 1582 na jeshi la ukoo wa Oda, na wenyeji husema wekundu wa maua yale ni damu ya waliokufa wakiilinda. Ngome yenyewe haipo tena, imebaki miti kama 1,500. Maua yake ni madogo na yamekolea rangi kuliko ya mjini, na nyuma yake milima bado ina theluji. Nilinyamaza kabisa, mimi unayenijua.

Kurudi tukapitia kituo cha barabarani wanakouza mazao ya wakulima. Kila mfuko wa mboga umebandikwa jina la aliyelima. Nikachukua miso (rojo la soya iliyochachushwa), matufaha yaliyohifadhiwa tangu msimu uliopita, na machipukizi ya porini yenye uchungu mtamu. Mara naona kwenye rafu kopo la wadudu, miguu imekunjwa, weusi kwa sosi ya soya. Nilisimama kama mtu aliyekutana na shangazi yake ugenini. Senene!

Si senene wetu hasa. Wanaitwa inago, panzi wa mashamba ya mpunga. Bibi muuzaji akaniambia huwakamata vuli, asubuhi na mapema, wakati umande umewalowesha hawawezi kuruka mbali. Nikamweleza kwa Kijapani changu cha kuungaunga kwamba sisi huwakamata usiku, kwa taa kali na mabati, wanateleza wenyewe hadi ndani ya pipa. Alicheka hadi akashika meza, kisha akaniongezea kiganja kizima bure.

Sasa ladha. Wanapika kwa soya na sukari. Sukari, Koku! Marehemu bibi angeninyang'anya sahani. Wetu hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi basi, na kwangu mimi hapo hakuna mashindano. Ila wanatafunika vizuri, na watoto wamewapenda kuliko maua tuliyoyafuata kwa mwendo wa saa nne. Baba Alinda, mtu wa Tanga, amehamia upande wa pili wa meza.

Picha za sakura nimezitia ndani ya bahasha hii, usinicheke tena. Na senene wa Novemba wakianguka, niwekee wangu. Wa chumvi.

Wako,
Asi