Buldogi juu ya barafu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme la moyoni. Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, kimekuwa na mbwa aina ya buldogi kama alama hai ya timu yake ya futiboli ya Kimarekani tangu 1956, kila mmoja akirithi jina la Uga. Chuo Kikuu cha Yale kilitangulia na buldogi wake, Handsome Dan, mwaka 1889. Uga huvishwa jezi nyekundu, hulazwa juu ya mifuko ya barafu, na uwanjani ana kibanda chenye kiyoyozi. Akifa huzikwa hapo hapo uwanjani, heshima ambayo sijasikia kocha akipewa!

Lakini barafu yote ya nini, kama si kwamba mbwa mwenye pua iliyobonyea vile huhema kwa taabu kwenye joto? Januari 2019, New Orleans, Bevo, maksai ambaye ni alama hai ya Chuo Kikuu cha Texas, nusura amkanyage Uga. Georgia tayari wana mtu anayevaa vazi la buldogi. Huyo anatosha.

Shabiki wao,
Atlanta